Jina Limetoka JKT na Bado Uko Mtwara: Mwongozo Kamili wa Kusubiri Siku ya Kuripoti

Haya wadogo zangu wa Mtwara na Lindi, jina limetoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), umeliona kwa macho yako, mama ameshawapigia simu ndugu wote mpaka wale wa Kilwa ambao hamjaongea tangu msiba wa mwaka juzi, na sasa umebaki unajipitisha barazani unahesabu siku. Na mimi nimeshakaa hapo ulipokaa. Nilimaliza form six nikapangiwa kambi ya huko nyanda za juu, kambi yenyewe sitaitaja, na zile wiki za kusubiri nilizichezea vibaya mno, nililala, niliangalia tamthilia, nilisikiliza stori za watu waliotoka kambini, mwisho wa siku nikaondoka na raba mpya zinazobana. Kiukweli kilichonitesa kule sio push-up wala sio afande, ni vitu vya kijinga ambavyo ningevimaliza nikiwa kwetu Mikindani ndani ya siku nne tu. Kwa hiyo naandika hivyo vitu, hatua kwa hatua, wewe usirudie.

Hatua ya 1: jua umeitwa kama nani

Kuna makundi mawili na watu wanayachanganya kila mwaka. Kuna mujibu wa sheria, hawa ni wale waliomaliza form six, wanaitwa kwa orodha, wanakaa miezi mitatu hivi halafu wanarudi nyumbani. Na kuna wa kujitolea, hawa wamepita usaili wilayani na mkoani, wanaingia mkataba wa miaka miwili. Mjomba wangu alienda miaka ya 80 wakati ule ni mwaka mzima, ukimwambia wewe unaenda miezi mitatu anacheka mpaka anakohoa. JKT yenyewe ilianza Julai 1963, hii ya mujibu ikasimama 1994 ikaja kurudi 2013, na mwaka huo waliporudisha hata wabunge vijana walivaa bukta wakakimbia, kwa hiyo usijione wewe ndo umeonewa.

Kama wewe ni wa kujitolea shika hili moja: tangazo lao lenyewe linasema JKT haitoi ajira wala haihusiki kukutafutia ajira. Unapata mafunzo, stadi, nidhamu, na kweli vyombo vya ulinzi huwa vinachukua watu waliopitia JKT, ila hakuna ahadi. Nalisema kwa sababu nimeona familia inakata shamba la mikorosho la bibi inauza ili "kumsindikiza mtoto jeshini", jamani, mikorosho ile ingemlea mpaka wajukuu zake.

Na hapo hapo ndo matapeli wanapoingilia. Utapigiwa simu na mtu anajiita afande nani sijui, anajua jina lako kamili na shule uliyosoma (orodha si iko wazi kwa kila mtu), anakwambia tuma hela kidogo nikuhamishie kambi ya karibu, au jina lako limeondolewa tuma hela lirudi. Nafasi ya JKT haiuzwi na kambi haibadilishwi kwa kutuma hela kwenye namba ya mtu. Kata simu. Ukiwa na wasiwasi nenda ofisi ya mkuu wa wilaya au ingia tovuti ya JKT yenyewe, usiamini picha ya orodha iliyosambazwa kwenye grupu, maana kuna watu wanazichezea.

Hatua ya 2: makaratasi, na hapa usinichoke

Hii ndo hatua ninayotaka uisome mara mbili. Ukishaingia kambini simu hukai nayo hovyo, dunia inaendelea bila wewe, na kwa wa mujibu dunia yenyewe inaendelea kipindi kibaya: matokeo ya form six huwa yanatoka Julai ukiwa ndani, maombi ya chuo yanafunguliwa ukiwa ndani, dirisha la mkopo wa elimu ya juu wa HESLB nalo linafunguliwa katikati ya mwaka. Yaani wewe uko kwenye kwata kushoto kulia, wenzako ambao hawakwenda wako stationari wanajaza fomu.

Cha kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mkopo unataka cheti kilichohakikiwa na RITA (wale wanaosajili vizazi na vifo), na uhakiki unafanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unapakia cheti, unalipia, unasubiri jibu. Usisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe ndo uanze, fanya sasa hivi. Kama mzazi mmoja au wote wamefariki cheti cha kifo nacho kinahakikiwa vile vile, na huku kwetu vijijini watu wengi walizikwa bila mtu kufuatilia cheti, sasa kukitafuta cheti cha baba aliyefariki miaka kumi iliyopita sio kazi ya siku moja, itabidi uanze kwa mtendaji wa kijiji. Ndo maana nakwambia anza leo na sio wiki ya mwisho.

Cha pili angalia majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, cha form four, kitambulisho cha taifa cha NIDA kama unacho, vipange juu ya mkeka usome herufi kwa herufi. Huku kwetu utakuta cheti kimoja Fatuma kingine Fatma, Hassan na Hasani, Mohamedi mara tatu kwa namna tatu. Tofauti ya herufi moja inaweza kukuzungusha miezi. Ukiiona nenda kwa wakili ukaulizie kiapo cha majina ukiwa bado una miguu ya kwenda.

Cha tatu chagua mtu. Mtu mmoja tu, anayejua kutumia simu, mwenye bando, asiye na maneno mengi. Mimi nilimwachia binamu yangu wa Masasi. Sikumwachia kitu chochote zaidi ya "utaniangalizia", na alipokuja kuhitaji namba yangu ya mtihani alikuwa hana, namba ya NIDA ya mama hana, picha yangu ndogo hana, ikabidi amfuate mama Mikindani na basi. Wewe muandalie bahasha: namba zako za mtihani za form four na form six, kopi za vyeti vyote, picha ndogo kadhaa, namba za NIDA za wazazi na mdhamini, jina na namba ya mtendaji wa mtaa wenu, na karatasi umeandika kwa mkono wako kozi unazozitaka kwa mpangilio, ya kwanza hadi ya tano, na mpango mwingine kama matokeo yakiwa mabaya kuliko ulivyotegemea. Barua pepe yako na nywila yake mpe huyo huyo, kwa hiyo chagua mtu usiyemficha kitu. PIN ya hela ya simu usimpe mtu, hata yeye.

Laini yako ya simu nayo iwe na mtu iwe inawashwa, maana ujumbe wa uthibitisho unatumwa kwenye namba, na namba yenyewe ukiondoka nayo imezimwa kwenye begi hata ukibahatika vyuo vitatu hutajua.

Hatua ya 3: afya, pima ukiwa kwenu

Nenda hospitali, ukiwa mjini iko Ligula, ukiwa wilayani nenda ya wilaya, pima. Kambini watakupima pia ila ni heri ujue mwenyewe kabla. Wadada, kipimo cha mimba kimo, na kusafiri kutoka Newala mpaka Kigoma uje urudishwe getini ni nauli imeungua na aibu ya bure.

Kama una sikoseli au pumu au kifafa, au una dawa unazokunywa kila siku, usifiche. Najua kwa nini watu wanaficha, wanaogopa kuonekana dhaifu. Ila sikoseli na kukimbia juani bila maji ya kutosha havikai pamoja, inaweza kukuua, sio utani. Beba karatasi za daktari na dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake, sema mapema pale mapokezi. Mwenye ulemavu unaoonekana asome tangazo vizuri, kwa kawaida wanaelekezwa kuripoti Ruvu JKT kule Pwani kwa sababu ndo kuna miundombinu yao.

Na malaria. Sisi watu wa pwani tunaondoka nayo mwilini bila kujua, mbu kakuuma Mtwara leo homa inakuja kukutoa kambini wiki moja au mbili baadae, uko sehemu ya baridi kila mtu anajua ni mafua. Ukipata homa mwambie mganga natokea Mtwara, sentensi hiyo tu, watakupima haraka.

Hatua ya 4: miguu kwanza, kifua baadae

Wavulana wote wakiitwa wanaanza push-up mia kwa siku. Sawa piga, ila anayetolewa kwenye mstari wiki ya kwanza hatolewi na kifua, anatolewa na miguu. Lengelenge moja kwenye kisigino linakufanya uchechemee, ukichechemea unabaki nyuma, ukibaki nyuma unakula doso (adhabu ya mazoezi), ukila doso unachoka zaidi, kesho lile lengelenge limepasuka.

Nunua raba mapema, wiki tatu kabla ikiwezekana, nunua jioni maana mguu jioni umevimba kidogo, uache nafasi ya kidole kimoja mbele. Halafu zivae. Zivae kwenda sokoni, zivae kwenda kwa bibi, zivae zichakae. Lengelenge linatokana na ngozi kusuguliwa ikiwa na jasho, kwa hiyo soksi iwe kavu, na ukihisi sehemu inawaka moto simama ukaushe kabla halijajaa maji. Likijaa usichune ngozi ya juu, ile ngozi ndo plasta yako.

Kukimbia anza kidogo. Wiki ya kwanza tembea haraka ukichanganya na kukimbia, nusu saa, siku nne tu kwa wiki. Wiki ya pili kimbia polepole nusu saa nzima, uwe unaweza kuongea au kuimba huku unakimbia, maana mchakamchaka wa kule ni wa kuimba chenja, zile nyimbo za kukimbilia, ukikimbia kimya nyumbani pumzi itakukatika kule. Wiki ya tatu ongeza dakika, usiongeze spidi. Anayeruka kutoka kulala kitandani mpaka kukimbia kilomita kumi kwa siku anaumwa mifupa ya muundi na anaenda kambini ameshaumia tayari, nimewaona. Mchanga wa ufukweni Shangani ni mzuri ila unavuta sana msuli wa nyuma wa mguu, changanya na barabara ngumu.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia: kusimama. Utasimama sana, paredi, kuhesabiwa, kusubiri, juani. Watu wanadondoka pwaa kama gunia, na sio kwamba ni wagonjwa, wamekaza magoti wakasahau, damu inatuama miguuni kichwani haifiki. Fanya mazoezi ya kusimama wima dakika ishirini bila kujikuna, magoti yalegee kidogo, vidole vya miguu vichezeshe ndani ya kiatu, na kabla ya hapo kunywa maji. Wadogo zangu nyumbani walinicheka nimesimama uani kama mnazi, wacheke tu.

Na usingizi. Anza kulala saa tatu kuamka saa kumi alfajiri. Ukiweza kuamka bila kuitwa mara mbili umeshapunguza robo ya shida, halafu tandika kitanda, oga kwa maji ya ndoo moja, vaa, yote ndani ya dakika kumi. Kula nako kula haraka, ugali na maharage, na usizoee samaki kila siku maana utaachana nao ghafla uje unune.

Hatua ya 5: vifaa, na hii shida ya hela

Kwa mujibu orodha huwa inafanana: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Traksuti ya kijani au bluu. Nguo za baridi kwa wanaokwenda mikoa ya baridi. Nauli ya kwenda na kurudi. Hata hivyo soma tangazo la mwaka wako neno kwa neno, usinunue kwa orodha ya kaka yako aliyeenda zamani.

Sasa tatizo la kwetu ni kwamba mwito unakuja mwezi wa tano kwenda wa sita, na hela ya korosho ilishaisha kitambo, mzazi kipindi hicho anawaza palizi na salfa ya kupulizia, halafu wewe unamletea orodha. Mhurumie. Usipeleke orodha nzima siku moja. Bukta kashone kwa fundi cherehani, kitambaa kizuri na inatoka imara kuliko ya dukani. Shuka ulizia mapema maana tangazo likitoka bluu bahari zote zinapanda bei kwa wiki ile, na fulana za kijani ndo kabisa. Sweta tafuta mitumbani, mimi niliuliza sweta zito soko kuu Mtwara mwezi wa sita muuzaji akaniangalia akasema dada una homa? Ila usiache kulitafuta, kwa sababu Mafinga au Makambako kule mwezi wa sita na wa saba sio baridi ya mchezo, sisi tuliozoea joto la bahari tunatetemeka mpaka meno.

Kila kitu kitie alama. Nguo zote kule zinafanana, shona uzi wa rangi tofauti kwa ndani, herufi mbili za jina lako. Kambini kitu hakiibwi, kinahama tu.

Wadada: taulo za kike za miezi yote mitatu, au za kitambaa ambazo unajua kuzifua na kuzianika juani, na sidiria ngumu za michezo mbili au tatu. Msuko usilipie, nywele kule zinakuwa fupi kwa wote, fumua nyumbani kwa amani mama akiwa anakupaka mafuta, ni bora kuliko kuonana na mkasi usiyemjua.

Usibebe dhahabu, simu ya bei, manukato, wala chakula. Chakula naomba nirudie, usibebe chakula.

Hatua ya 6: njia

Usisubiri siku ya mwisho ya kuripoti. Aliyepangiwa Nachingwea ana bahati, ni hapo hapo kwetu, mji ule ule FRELIMO wa Msumbiji walikofunzia wapiganaji wao enzi za Samora, jioni umeshafika. Mlale unakwenda kwa Masasi, Mangaka, Tunduru mpaka Songea. Kibiti unashukia njiani kabla ya Dar, mwambie konda mapema asikupitishe. Ruvu unaingia Dar kwanza halafu unashika barabara ya Morogoro mpaka Mlandizi. Mafinga unaweza kwenda kwa Songea, Njombe na Makambako au kuzunguka Dar na Iringa. Waliopangiwa Kigoma, Tabora na Mara hao wajipe siku tatu nzima, na wawe na ndugu wa kulala kwake Dar.

Na barabara yetu ya Dar ina historia yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata njia kule Somanga, Kilwa, watu wakakwama siku kadhaa. Kabla hujakata tiketi uliza madereva pale stendi ya Mkanaledi, wao wanajua kuliko mtu yeyote. Nauli ya kurudi itenge tofauti kabisa, ikunje ishone kwenye pindo la traksuti, ukiiweka pamoja na nyingine utaila kantini.

Hatua ya 7: stori na kwaheri

Waliorudi watakujaza chai. Mmoja atasema walilala na nyoka, mwingine alimbeba afande mgongoni, mwingine hakulala miezi mitatu. Chukua theluthi moja. Mambo ya kujua ni machache: utaitwa kuruta, utakaa hanga (bweni) moja na watu wengi, kuna mchakamchaka, kwata, fatiki za shamba na usafi, masomo darasani, shabaha na kwenda porini. Kila kundi linapewa jina la operesheni na utajitambulisha kwa jina hilo mpaka uzeeni.

Nilipomwambia bibi naogopa akaniuliza, kwani unyagoni hukulia siku ya kwanza? Nililia. Na siku ya kutoka? Nilicheza. Akaendelea kumenya ming'oko yake, ile mizizi ya porini tunayokula kwetu, hakuongeza neno.

Waage watu mapema, sio usiku wa mwisho. Madeni madogo madogo lipa. Kama una mtu wako mwambie ukweli kwamba utakuwa kimya, asije akadhani umepata mwingine. Mama mpe namba ya mzazi mwingine ambaye mtoto wake yuko kambi moja na wewe, ikitokea taarifa inafika kwa mmoja wote wanaipata.

Siku ya kuripoti fika mchana, umekula, umekunywa maji, barua ya wito na vyeti viko juu kwenye begi na sio chini ya shuka. Zima simu kabla ya geti. Ukiitwa itika kwa sauti, usicheke na usijieleze sana.

Mimi nilifika saa kumi na moja jioni miguu imeshavimba ndani ya zile raba, tukaambiwa tuchuchumae mstari mmoja. Mbele yangu kulikuwa na binti wa Tandahimba ana kiroba cha korosho, mama yake kambebesha. Afande akauliza hizi za nani? Binti wa watu akajibu, za kwako afande, karibu. Mstari mzima tukaangua kicheko, na tukaruka kichurachura mpaka kwenye mti wa mbali na kurudi, wote, na mabegi yetu.